Siku Nilipolisugua Dirisha la Bibi Doroti

Hili jambo nimelificha miaka mingi, na wanaolijua hapa Doha ni wale watu ishirini na kitu waliokuwa ukumbini siku ile, pamoja na Musyoka dereva, ambaye nilimwapisha asiseme na akasema. Basi bora niwahadithie mwenyewe, maana mkasa wa Musyoka una chumvi nyingi (kwake yeye nililia mpaka nikagaragara, jamani, sikugaragara, nilikaa tu chini). Aibu yenyewe ni hii: nilichukua kitu ambacho kijiji kizima cha Uingereza kimekatazwa kukigusa, nikakisugua kwa waya wa masufuria, halafu nikakipaka rangi ya viatu ili nisijulikane, halafu, kwa akili yangu timamu, nikakifukiza udi.

Wakati huo nafanya kazi Al Wukair, enzi zile bado ni viwanja vya mchanga mtupu na winchi kila unapogeukia, villa mpya zinachipua kila wiki mpaka unapotea njia ya kurudi kwako. Nilikuwa kwa Madam Helen, Mwingereza, mumewe injinia ambaye hatumwoni mpaka Ijumaa. Madam alikuwa mtu mwema, hana kelele, ila anapenda kila kitu kiwe mahali pake. Na mimi, mnanijua, Zuhura binti wa fundi seremala wa Pongwe, Tanga, ugonjwa wangu tangu utotoni ni kutaka kujua. Nikiona kitu kimefungwa nataka kujua ndani kuna nini, nikiona kimefunguliwa nataka kujua nani kakifungua.

Sasa sebuleni pale kulikuwa na picha kubwa ya nyumba ya mama yake Madam, huko kijijini kwao. Siku ya kwanza kuifuta vumbi nilisimama pale kama robo saa. Ukuta umepinda, madirisha madogo kama ya banda la kuku, na juu, wenzangu, juu kuna nyasi! Nyumba ya mama mzazi wa mke wa injinia imeezekwa nyasi! Nikasikitika. Jioni nikamwendea Madam kwa heshima zote, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha jikoni, Madam, pole sana, nimeona nyumba ya mama, kwetu mtu akijaliwa kidogo tu kitu cha kwanza anang'oa makuti anapiga bati, Mungu atawajalia na nyinyi. Madam akacheka mpaka akashika meza. Akanieleza kwamba zile nyasi ni za fahari, mafundi wake wanatafutwa kwa tochi, na ole wako uziondoe uweke bati, kijiji kitakushitaki.

Basi kuanzia hapo nikashikwa. Kila nikimaliza kupiga pasi naenda na swali jipya. Je, mtu akitaka kupanua dirisha? Anaomba kibali kwa kamati ya kijiji. Akitaka kubadilisha mlango? Kibali. Rangi ya mlango? Kibali pia, na kamati inakuja kuangalia rangi iliyokuwepo zamani ni ipi ndiyo hiyohiyo irudishwe. Msumari? Madam akafikiri kidogo, akasema msumari ukiwa wa zamani, ndiyo, bora uulize. Nilikuwa nalala nawaza. Hapa Doha jengo likifikisha miaka ishirini linaonekana limezeeka, kule Fereej Bin Mahmoud rafiki yangu alihamishwa ili ghorofa zima libomolewe na lilikuwa na lifti inayofanya kazi vizuri tu. Na mimi mwenyewe mwaka ule ndiyo kwanza nimemaliza kumsukuma mama kule Pongwe autoe ule mlango wa mbao, wa kizamani, aliouchonga marehemu baba, tuweke mlango wa chuma wenye maua, maana jirani kaweka. Sasa hawa watu wana uwezo wote na wanalinda msumari! Nikawa nataka kujua, wanalinda nini hasa?

Mwenye nyumba ile nilimfahamu. Bibi Doroti, miaka themanini na nne, mfupi, sauti kubwa. Kila Ijumaa Madam anaweka kompyuta juu ya meza ya jikoni wanaonana kwa video, na Bibi akiniona napita anapiga kelele, "Zuhura! Leo unapika nini?" nami namwonyesha sufuria, naye ananionyesha ua lake, au paka wake, au mkono alioungua na birika. Nilimpenda. Lakini mazungumzo yao hayakuishia vizuri kila mara. Kuna jambo Bibi alikuwa analirudia, wanasema harakaharaka siwapati, na Madam anamjibu kwa ile sauti tunayowajibia watoto waliochoka, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama," na Bibi anabana midomo. Hilo sikuuliza. Kuna mengine hata mimi najua si yangu.

Halafu Madam akaenda likizo kwao, akarudi na mzigo umefungwa kwa mataulo matatu. Ndani ni bawa moja la dirisha, lile la mbao la kufungia kwa nje, kama madirisha yetu ya Tanga, urefu wake wanifika kiunoni. Akasema hili ndilo limebaki peke yake, mwenzake aliliwa na wadudu zamani, na ubao mmoja chini umeoza, bawaba imelegea, na mafundi wa kwao wamemwambia asubiri mpaka mwaka unaofuata. Mumewe akamkumbuka mzee mmoja wa Kipakistani pale mtaa wa Najma, fundi wa mkono kabisa, hatumii msumari hata mmoja. Kamati ikakubali bawa lisafiri, ila kwa karatasi: lisiguswe mpaka wao walione kwa video Jumamosi, walikague, waseme nini kifanywe. Madam akaliegemeza kwenye chumba cha kufulia, akaniambia, "Zuhura, tafadhali, hili tuliache hivihivi."

Nikasema ndiyo, Madam. Na nilimaanisha.

Alhamisi wakaondoka, yeye na mumewe na wenzao, kwenda kupiga kambi jangwani. (Hili nalo sikulielewa kamwe, mtu ana kitanda chake na kiyoyozi, anakwenda kulala kwenye mchanga.) Nimebaki peke yangu, nafua, na lile bawa linanitazama. Lilikuwa na rangi ya ajabu, kijani kilichochoka kama maji ya kunde, kimebambuka, kimeshika masizi na utando wa miaka. Mtoto wa seremala nikajiuliza, huu ni mti gani? Maana baba angejua kwa kunusa. Nikalinusa, sikujua. Nikasema basi niangalie pembeni tu, pale chini nyuma, mahali pa ukucha mmoja, nione mbao yenyewe. Hapo ndipo nilipokosea, wenzangu, pale kwenye ukucha mmoja.

Nikachukua stilwaya, ule waya wa kusugulia masufuria, nikatia sabuni kidogo. Pakasafika. Lakini mbao haikuonekana, ilionekana rangi nyingine, bluu, bluu kabisa ya sketi za shule ya msingi. Nikashangaa. Nikasema labda ni doa tu, nikasogea kidogo kuona linaishia wapi. Haliishii. Sasa pale pembeni pamekuwa safi na pengine pachafu, panaonekana wazi kuna mtu kapita, nikasema nilinganishe kidogo ili mpaka usionekane, na mnajua mtu anavyomnyoa mtoto, upande huu umezidi, ule nao umebaki, unashangaa mtoto hana nywele. Nilipoacha, robo nzima ya bawa, mpaka upande wa mbele, ilikuwa bluu, ile kijani inaelea kwenye beseni, na mimi nimesimama na stilwaya mkononi.

Kwa nini sikumpigia Madam simu? Nimejiuliza sana. Simu ninayo, salio ninalo. Ila nilikuwa na miaka minane nje ya nyumbani bila kukosea kitu kikubwa, na ile sifa ya "Zuhura hana tatizo" nilikuwa naivaa kama nguo ya Idi, sikutaka kuivua. Na kitu kingine, niliamini ile bluu ni uharibifu. Nilidhani nimechubua rangi ya kweli nikafikia takataka za chini, sijui dawa ya wadudu, sijui nini. Haikunijia kabisa kwamba bluu inaweza kuwa na maana kwa mtu.

Nikatoka mbio nje, Musyoka anaosha gari la jirani. Musyoka ni Mkamba wa Wamunyu, kwao wote wachonga vinyago, na hajawahi kuulizwa kitu akasema hajui. Akaja, akatazama, akapiga mluzi.

"Sasa hapa, Zuhura, umechoma kabisa."

"Kaka yangu, nimekwisha. Jumamosi wanalitaka."

"Wacha kupanic. Hii ni job ya dakika tano. Kwetu unachonga twiga asubuhi, jioni ameshakuwa wa babu ya babu, na mtalii anambusu. Uko na rangi ya viatu?"

"Ya mume wa Madam ipo. Nyeusi na ya kahawia."

"Leta zote. Na majani ya chai. Na mkaa. Na kitu ya kushikisha, maziwa ya kulala."

Maziwa ya mgando sina, ila laban, maziwa machachu ya Kiarabu, imejaa kwenye friji, nikaleta chupa nzima. Mkaa nikatoa kwenye chetezo changu cha udi. Musyoka akakunja mikono, akasaga mkaa, akakoroga na laban na yale majani ya chai, akapaka kwa kitambaa kwa upole wa daktari, akaacha, akapangusa, juu akapitisha rangi ya viatu kwa kidole, hapa kahawia, hapa nyeusi, mwisho akapulizia vumbi la nje (la Al Wukair halinunuliwi). Nawaambia ukweli, nilipiga makofi. Ile robo ikarudi kuwa mzee kuliko zile robo tatu nyingine. Akasema, "Weka jua kesho mchana. Na ukiulizwa, hunijui."

Ijumaa nikaliweka uani. Mnalijua jua la huku. Saa nane nasikia nzi, nikatoka, wamelizonga bawa kama sinia la halua, na harufu, jamani, harufu ya laban iliyopikwa na jua! Paka wawili wa kompaundi wanalilamba kwa zamu. Nikawafukuza, nikaliingiza ndani, nikalipangusa, harufu ipo. Nikalipulizia manukato, sasa linanuka laban na waridi. Hapo ndipo nikachukua chetezo, nikatia udi wa maana, ule wangu wa harusi za watu, nikalisimamisha bawa juu ya viti viwili, nikaliwekea moshi chini na kulifunika kwa kanga, kama bibi harusi. Bado kidogo nilipigie vigelegele.

Jumamosi mchana wakarudi na mchanga masikioni, Madam akaoga harakaharaka, akalibeba bawa mwenyewe ndani ya taulo nililolifungia mimi, hakulitazama. Kule kwenye ukumbi wa kompaundi, pembeni ya bwawa la kuogelea, kilikuwa kimealikwa kuona ukaguzi kikundi chake cha akina mama wapenda majumba ya kale, Waingereza, Walebanoni, Wahindi, na waume wachache waliovutwa kwa nguvu. Mimi nimepewa sinia la sambusa. Musyoka naye alikuwepo, kaja kubeba viti, kasimama mlangoni.

Ukutani wakawasha projekta. Wakatokea watu sita nyuma ya meza ndefu, ukumbi wa kijiji wenyewe huo, katikati mzee mwenye ndevu nyeupe na miwani mbili, moja machoni, nyingine juu ya paji la uso. Pembeni yake Bibi Doroti, kavaa koti jekundu, kajinyoosha. Sikuwahi kumwona amekaa vile. Nilimpungia mkono nikasahau kwamba kwao mimi ni nukta tu.

Madam akafungua taulo. Watu wa mbele wakarudi nyuma kidogo. Mama mmoja wa Kilebanoni akamwuliza mwenzake taratibu kama kuna msiba au harusi. Lakini kwa kuona, lilikuwa kamili. Mzee wa kamati akainama kwenye kamera, akalitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na alikuwa anazungumza polepole kama anasoma khutba, kwa hiyo kwa mara ya kwanza nikawapata vizuri.

Akasema, kama wanavyoona wote, kijani, kijani ya kijiji, kama madirisha yote. Ubao wa chini ubadilishwe, rangi irudishwe ileile. Na kuhusu ombi la Doroti.

"Si ombi," Bibi akasema. "Nawaambia ilivyokuwa. Dirisha hili lilikuwa la bluu. Mama yangu alilipaka mwenyewe, mimi nimemshikia kopo. Baba alikuwa vitani. Alisema akirudi ataiona nyumba toka mbali."

"Doroti, tumelizungumza sana. Hakuna picha. Hakuna karatasi. Hakuna nyumba hapa iliyowahi kuwa na bluu."

Mwanamke aliyekaa karibu na Bibi akampigapiga mkono, vile anavyopigwapigwa mgonjwa. Na Madam wangu, mbele ya watu wote, akasema kwa ile sauti, ile ya kila Ijumaa, "Mama, ulikuwa mtoto mdogo sana. Labda ni dirisha la nyumba nyingine. Hakuna ubaya kusahau."

"Sijachanganyikiwa, Helen," Bibi akasema. Halafu akatazama chini, akaanza kukunja pembe ya karatasi iliyokuwa mbele yake, anaikunja, anaikunjua.

Ndilo hilo alilokuwa analirudia mwaka mzima. Wenzangu! Mimi bluu nimeiona. Mimi peke yangu kwenye ukumbi ule, ukimtoa Musyoka, ndiye niliyejua kwamba yule bibi ana akili zake zote, na ushahidi wake nimeupaka rangi ya viatu kwa mikono yangu. Nikamtazama Musyoka. Amenitolea macho, kichwa kinakwenda huku na huku, nyamaza, nyamaza. Na kweli ningenyamaza nisingejulikana milele, kazi yake ilikuwa safi. Mzee wa ndevu ameshashika kalamu aandike.

Nikasema, "Madam, samahani." Hakunisikia. Nikasema tena, sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka, ukumbi mzima ukageuka, na katika kuweka sinia chini nikaliweka nusu mezani nusu hewani, likaanguka, sambusa zikaviringika mpaka chini ya viti vya wageni, moja ikaingia kwenye bwawa (hapo Musyoka hasemi uongo, iliingia). Nikapita katikati ya sambusa, nikachukua kitambaa cha maji, nikaanza kulifuta lile bawa mbele ya kamera.

"Zuhura! Unafanya nini?" Madam akapiga kelele.

Maji hayakusaidia. Rangi ya viatu na maji haviivani, nikawa nasambaza weusi tu, na kule ukutani kamati nzima imesimama. Nilitaka ardhi inimeze. Ndipo nikaona ile karatasi iliyokuwa chini ya sambusa, imelowa mafuta, nikaiokota sakafuni nikasugua nayo, na mafuta yakakubali. Ikatoka kahawia, ukatoka mkaa, yakatoka majani ya chai, na kidogokidogo ikaja bluu. Nikaendelea mpaka ikawa sawa na kiganja, sawa na sahani, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, jasho linanitoka kwenye kiyoyozi.

Mzee wa ndevu akashusha ile miwani ya juu, akaivaa juu ya ile nyingine.

"Nani aliruhusu hili lisuguliwe?"

"Hakuna, mzee. Ni mimi. Alhamisi. Nilitaka kujua chini kuna nini."

"Na hiyo nyeusi?"

"Rangi ya viatu, mzee. Nilikuwa nafunika nilivyoharibu."

"Na hayo meupe kwenye ufa?"

"Laban." Nikaona haelewi. "Maziwa."

"Na harufu?" akauliza yule mama wa Kilebanoni kutoka nyuma, maskini alikuwa amevumilia muda mrefu.

"Udi, mama," nikasema, na hapo ndipo nilipokaa chini palepale karibu na bawa.

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Bibi Doroti. Alicheka kwa sauti mpaka spika ikakwaruza. Akasema, "Lisogezeni karibu." Hakuna aliyelisogeza, Madam alikuwa amesimama kama nguzo, basi nikalishika mimi kule chini nikalipeleka kwenye kamera. Bibi akaacha kucheka. Akaweka mkono mdomoni. Halafu akakunja mikono kifuani, akamwachia mzee wa kamati nafasi aangalie vizuri. Kisha akasema, taratibu, "Unaona, Helen."

Basi Madam akalia. Sikutegemea. Nilidhani atanifukuza palepale, nimeshajiona uwanja wa ndege na begi langu, kumbe analia na kusema, "Mwaka mzima nimemwambia amesahau. Mwaka mzima." Wale akina mama wakamzunguka, na mimi nikatambaa nikiokota sambusa, maana mtu akiwa na aibu ni vizuri awe na kitu cha kuokota.

Jioni akaja jikoni. Nilikuwa nimeshakunja nguo zangu, zipo kitandani. Akasema, "Kusugua, sawa, wewe unapenda kujua, nakufahamu. Lakini siku mbili umekaa nayo. Ungeniambia tu." Nikasema ndiyo, Madam. Akaosha kikombe chake mwenyewe akaondoka, na afadhali angenipigia kelele, maana lile la "ungeniambia tu" mpaka leo nikiosha vyombo nalisikia.

Yule mzee wa Najma alilitengeneza bawa kwa wiki tatu. Akatuuliza mara mbili kwa nini mbao ya Kiingereza inanuka msikiti. Bawa likarudi kwao, kamati ikakaa vikao vyake, mtaalamu akakwangua kipande kidogo, na miezi minne baadaye ikaja picha: nyumba iliyopinda, nyasi juu, na dirisha moja la bluu ambalo kweli unaliona kwa mbali. Bibi kasimama mbele yake kwa lile koti jekundu. Pamoja na picha kulikuwa na nakala ya daftari la nyumba ile, maana kila nyumba kule ina daftari la kila kilichobadilishwa tangu enzi na nani alikiruhusu. Madam akanisomea mstari wa mwisho, kidole kwenye karatasi. Uliandikwa hivi: rangi ya asili ya dirisha iligunduliwa Doha na Zuhura, mfanyakazi wa nyumbani, kwa waya wa kusugulia masufuria. Bila kibali.

Nilicheka siku nzima. Usiku nikaacha kucheka, nikampigia mama simu Pongwe. Nikamwuliza, mama, ule mlango wa zamani, ule wa baba, chini ya ile rangi ya kahawia kulikuwa na rangi gani? Mama akafikiri. Akasema, "Sikumbuki, mwanangu. Nadhani ilikuwa nyekundu. Au nimeota?"

"Upo wapi huo mlango? Uutafute, uniwekee."

"We Zuhura, si wewe uliyesema umechakaa, unatuaibisha kwa jirani? Tuliupikia pilau ya Idi." Kisha akaongeza, "Ila ulishika moto vizuri, baba yako hakuwa mtu wa mbao mbovu."

Nilikaa na simu mkononi, na hakuna stilwaya duniani itakayonionyesha rangi ile. Basi tangu siku hiyo, kitu cha mtu sikisugui mpaka nimemwuliza mwenyewe huu ni uchafu au ni kumbukumbu, na nikikosea nasema saa ileile, kabla sijamwita Musyoka. Na mama nimemwambia asing'oe kitu kingine chochote, hata msumari, mpaka aombe kibali kwangu.